Nano kwenye chanjo sio roboti: jinsi molekuli zinavyojipanga zenyewe

Hapa Dar ukitaja nano, yaani vitu vidogo mno vinavyopimwa kwa nanomita (sehemu moja ya milioni ya milimita), kwenye chanjo mtu anawaza kijiroboti chenye chipu kinatembea kwenye damu, na zoezi la chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, likija tu zile klipu zinazunguka tena kwenye magrupu ya wasapu, mzazi anaogopa, binti anabaki nyumbani. Inaniuma sana, maana saratani ya mlango wa kizazi inaua mama zetu kweli.

Sasa humo ndani kuna nini? Kitu kikuu ni protini ya ganda la kirusi, inaitwa L1, DNA ya kirusi yenyewe haimo. Kuna aina ambayo protini hiyo inatengenezwa na hamira, zikishatoka zinashikana tano tano, halafu mafungu 72 yanakutana yanafanya ganda la duara lenye upana kama wa nanomita 55, wakati unywele mmoja unafika nanomita 50,000 na kuendelea. Ganda tupu, haliambukizi wala halizaliani, ila kinga ya mwili ikiliona inaikariri sura ya adui. Tena kiwandani kuna hatua wanayabomoa maganda makusudi afu wanayaacha yajipange upya, yanatoka imara zaidi.

Kuna wanaosema, "Lazima kuna kitu kinaziongoza hizo protini." Hapana jamani. Molekuli kwenye maji hazitulii, joto linazirusha huku na huku, zinagongana muda wote, iliyokaa vibaya inabanduka na iliyokaa sawa inabaki. Na hapa wengi wanakosea, wanadhani vifungo vikiwa vikali ndo vizuri, kumbe vikiwa vikali mno kosa la kwanza linaganda palepale halirekebishiki, ule ulegevu ndo unaoruhusu kusahihisha.

Wengine wanasema hiyo ni nadharia ya vitabuni tu. Sio kweli, mwaka 1955 Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams kule California walitenganisha kirusi cha tumbaku, protini huku na RNA (maelekezo yake ya kurithi) kule, wakavichanganya tena na virusi vikajiunda vikaambukiza majani upya.

Kuna na hii ya kwamba eti mpangilio hauwezi kutokea wenyewe, ni kinyume cha sheria ya asili kwa kuwa vitu huelekea kuvurugika. Angalia sahani uliyolia samaki wa kukaanga wa Feri. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia usioyapenda, na maji yanayouzunguka mkia yanabanwa yakae kwa mpangilio. Molekuli zikikusanyika fungu, mikia ikajificha pamoja katikati, yale maji yanaachiwa huru, kwa hiyo ukipiga hesabu yote mvurugiko umeongezeka, sheria iko palepale. Ila mpaka sabuni ifike kiwango fulani, chini ya hapo molekuli zinaelea moja moja hakuna mafungu ya kumeza mafuta, ndo maana sabuni ikiwa kiduchu unasugua weee na sahani bado inateleza.

Dhana ya mwisho, kwamba kujipanga siku zote ni kuzuri. Waulize wenye mtoto wa selimundu. Kwenye himoglobini yake kiungo kimoja tu cha protini kimebadilika, mahali pa asidi ya glutamiki imekaa valini, na oksijeni ikipungua zile himoglobini zinashikana zenyewe kuwa kamba ndefu zinazoipinda seli hadi iwe kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, mtoto analia usiku kucha. Hakuna laana wala mkono wa mtu hapo. Dawa ya haidroksiyurea inasaidia kwa sababu inaongeza himoglobini ile ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni mwa mama, ambayo haijiungi kwenye hizo kamba. Na nesi wa kliniki akisema mtoto anywe maji mengi, hasa na joto letu hili la Januari, sio maneno ya kujazia: seli ikikauka himoglobini inabanana zaidi, na ikibanana kidogo tu kamba zinajifunga haraka mno.