Asilimia 20 ya nini? Namna ya kusoma maswali ya asilimia kwenye mtihani

Mwanafunzi anayekosa swali la asilimia mara nyingi anajua kuzidisha na kugawanya vizuri tu. Kinachomponza ni kutojua asilimia iliyotajwa ni ya kitu gani. Asilimia 20 peke yake si kiasi chochote. Ni 20 katika kila 100 ya kitu fulani, na hicho kitu ndicho cha kutafuta kabla ya kuanza kukokotoa.

Tuchukue swali hili: Mfanyabiashara aliuza baiskeli kwa sh. 180,000 akapata faida ya asilimia 20. Aliinunua kwa shilingi ngapi? Wengi hutafuta asilimia 20 ya 180,000, wanapata 36,000, wanatoa, wanaandika 144,000. Wamekosa, kwa sababu katika hesabu za shuleni faida hupimwa kwa bei ya kununulia. Bei ya kununulia ndiyo 100, ya kuuzia ni 120. Kwa hiyo gawanya 180,000 kwa 120, kisha zidisha kwa 100: sh. 150,000. Hakiki jibu lako: asilimia 20 ya 150,000 ni 30,000, na ukijumlisha unarudi kwenye 180,000. Fanya vivyo hivyo kwa 144,000, utaishia 172,800. Kwenye maswali ya kuchagua, jibu kama hilo la 144,000 huwekwa makusudi kati ya A na E, kwa hiyo kuliona pale kusikutulize moyo.

Kodi ya Ongezeko la Thamani huenda hivyo hivyo. Kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Bidhaa ikiuzwa sh. 11,800 pamoja na kodi, bei kabla ya kodi ni sh. 10,000, maana 11,800 ni asilimia 118 ya bei hiyo.

Viunganishi kama “kwa” na “hadi” navyo visomwe taratibu. Bei ya sh. 50,000 ikipunguzwa kwa asilimia 30, unalipa 35,000. Ikipunguzwa hadi asilimia 30 ya bei ya awali, unalipa 15,000 tu.

Bei ikipanda kisha ikashuka, ile 100 inahama. Gunia la mahindi la sh. 80,000 likipanda kwa asilimia 25 linafika 100,000. Likishuka tena kwa asilimia 25 halirudi 80,000, linakuwa 75,000, kwa sababu safari hii asilimia imekatwa kwenye 100,000. Ndiyo maana pia, Asha akiwa na fedha zaidi ya Juma kwa asilimia 25, Juma ana fedha pungufu ya Asha kwa asilimia 20: Juma akiwa 100, Asha ni 125, na 25 katika 125 ni asilimia 20.

Mtego mwingine uko kwenye ufaulu. Ukipanda kutoka asilimia 60 hadi 75, tofauti ni pointi 15 za asilimia. Lakini swali likiuliza umeongezeka kwa asilimia ngapi, gawanya 15 kwa 60, kisha zidisha kwa 100: jibu ni asilimia 25.