Neno kwanza, michango mwisho: tunu za Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

Jumuiya ikifungua kikao kwa kusoma majina ya wasiolipa michango, wiki inayofuata mahudhurio hupungua. Wanaokosekana mara nyingi si wavivu wa kusali. Ni mama anayeuza mboga au kijana asiye na kibarua, wanaoona haya kutajwa mbele ya majirani zao.

Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976 kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo, pale pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Hawakukusudia kufungua vituo vya kukusanyia fedha. Tunu zenyewe zimo katika Matendo 2:42: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na sala. Njia ya haraka ya kujua kama jumuiya inazishika ni kutazama kikao chake kinavyopangwa.

Kaya 10 hadi 15 za mtaa mmoja zinatosha. Zikizidi mno, sebule haitoshi na wapole hawapati nafasi ya kusema. Mnapogawanya, fuateni mitaa. Mkigawanyika kwa kabila, ukoo au uwezo, mtakuwa na chama, na mgonjwa wa nyumba ya pili atabaki bila wa kumjulia hali.

Jumuiya nyingi hutafakari Injili kwa Hatua Saba, mtindo uliotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, kunyamaza, kushirikishana, kupanga tendo, kusali. Tengeni saa moja. Hatua ya tatu ndiyo huharakishwa zaidi, nayo ndiyo inayompa nafasi hata asiyejua kusoma. Mtu anataja neno moja au kifungu kifupi, kwa mfano “alimwonea huruma”, analirudia mara tatu polepole, na wote wanatulia kidogo kabla mwingine hajataja lake. Hakuna kueleza. Kisha kimya cha dakika 3 hadi 5, na kiongozi atazame saa, maana dakika moja ya kimya huonekana ndefu kwa asiyezoea.

Katika kushirikishana, kila mmoja aseme “mimi”, si “ninyi”. Anayeanza kuhubiri au kumsema jirani kwa mafumbo, kiongozi amkatishe kwa upole. Na yaliyosemwa hapo yabaki hapo. Siri ikivuja mara moja tu, watu huendelea kuja lakini hawafungui tena mioyo yao.

Hatua ya sita hufa kwa sababu ya neno “tutamtembelea”. Nani? Lini? Andikeni majina mawili na siku: fulani na fulani, Jumatano jioni, kwa bibi aliyevunjika nyonga, wamchotee maji na kumfulia. Wiki inayofuata taarifa yao isikilizwe kabla ya kupanga jambo jipya. Katika Matendo 6 wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume waliagiza wachaguliwe watu saba washike kazi hiyo.

Nyumba zipokezane zamu, na chai isiwe sharti. Vitafunwa vikigeuka mashindano, nyumba maskini huruka zamu yake kwa visingizio, na hakuna anayeuliza. Mkeka na Biblia vinatosha kabisa.

Fedha zije baada ya sala ya mwisho. Wawili wahesabu mbele ya wote, katibu aandike, mhazini atie saini. Mfuko wa msiba na wagonjwa usichanganywe na michango ya parokia, na taarifa isomwe kila mwezi. Aliyekwama azungumze na mwenyekiti faraghani.

Lipo pia suala la utambulisho, yaani jumuiya kuthibitisha kwamba mtu ni muumini wake. Parokia nyingi hudai saini ya mwenyekiti kwa ubatizo, ndoa na mazishi, na hapo baadhi ya viongozi hulipiza deni la michango juu ya mtoto au marehemu. Hilo ni kosa zito. Sakramenti haiuzwi, wala maiti hazuiliwi kwa deni. Kama aliyeomba saini hajawahi kuonekana jumuiyani, mtembeleeni kwanza nyumbani: huenda anafanya kazi ya zamu za usiku, au aliwahi kuaibishwa akaondoka. Paroko aelezwe hali hiyo, ndipo uamuzi utolewe.