Je, wajua kwa nini mtoto mdogo huchuchumaa bila kuyumba?

Nilikuwa nimetandika mkeka sebuleni, najaribu malasana, ule mkao wa yoga wa kuchuchumaa mpaka makalio yakaribie visigino. Mwanangu wa miezi 16 akaja ukingoni mwa mkeka, akaona punje ya harage sakafuni, akachuchumaa. Nyayo zote mbili zimelala chini, mgongo umenyooka, mikono haijashika kitu. Akaligeuzageuza lile harage kwa muda mrefu, kisha akainuka bila kujiegemeza popote. Mimi visigino vyangu vilikuwa hewani, na kila nikivishusha naanguka kinyumenyume.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la haraka: mtoto ana mifupa laini. Chembe ya ukweli imo. Sehemu nyingi za mifupa ya mtoto bado ni gegedu, yaani mfupa laini kama wa sikio, hata kile kifupa cha mbele ya goti. Lakini anayechuchumaa hakunji mfupa. Kinachokunjika ni viungo vitatu, yaani nyonga, goti na kifundo cha mguu. Paja la mwanangu halikupinda hata kidogo alipokuwa pale chini.

Tena, mtoto mchanga si mlaini kila upande. Mlaze chali mtoto wa wiki mbili umtazame: magoti yamekunjwa, mapaja yamepanda kuelekea tumboni. Amekaa amejikunja ndani ya mama yake kwa muda mrefu, na nyonga zake bado hazinyooki sawasawa. Zinaachia polepole kadiri miezi inavyopita. Mifupa yake ndiyo laini kuliko itakavyokuwa maisha yake yote, na bado hawezi kunyoosha miguu kama mimi na wewe. Ingekuwa ni ulaini wa mifupa, angekunjuka kama anavyokunjika.

Ndiyo maana mzazi anayefanya yoga na mtoto mchanga huikunja miguu ya mtoto taratibu kuelekea tumboni, wala haivuti ikanyooka. Kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa kwa nguvu kunaweza kuharibu nyonga. Kumbeba mgongoni kwa kanga, mapaja yakiwa yamepanuka, kunaziacha nyonga katika mkao wake. Wapo madaktari wanaoona hii ni sababu mojawapo ya maradhi hayo ya nyonga kuwa nadra kusini mwa Sahara, ingawa urithi nao huenda unachangia.

Sasa turudi kwenye harage. Ili usianguke, uzito wako wote lazima ubaki juu ya nyayo. Makalio yakishuka, yanakwenda nyuma, kwa hiyo kuna kitu lazima kiende mbele kuyasawazisha, kama sahani mbili za mizani. Kwenye sahani ya mbele kuna magoti, kifua na kichwa. Magoti nayo yanasogea mbele kwa kadiri kifundo cha mguu kinavyokubali kupinda. Kifundo kikigoma, ama visigino vinanyanyuka, ama unakaa chini bila kutaka.

Ijaribu nyumbani. Shika pakiti ya unga ya kilo 2, nyoosha mikono mbele, kisha chuchumaa. Wengi wanaoanguka mikono mitupu watashuka vizuri tu. Viungo vyao ni vilevile. Kilichobadilika ni uzito wa sahani ya mbele. Mtoto pakiti yake anayo mabegani. Anapozaliwa, kichwa ni karibu robo ya urefu wake, wakati kwa mtu mzima ni sehemu moja kati ya saba au nane. Mapaja yake ni mafupi, hivyo makalio hayaendi mbali nyuma. Na kifundo chake kinapinda mno: wayo wa mtoto mchanga unaweza kukaribia kugusa muundi. Kichwa hichohicho ndicho kinachomwangusha kifudifudi anapokimbia.

Kichwa kikubwa na mapaja mafupi havirudi. Kifundo ndicho kinachoweza kurudi kiasi, kwa kutumika. Anayetumia choo cha shimo, anayefulia kwenye beseni chini, mara nyingi huchuchumaa vizuri hata uzeeni. Lakini si wote: mwenye mapaja marefu atapata shida zaidi, na umbo la nyonga hutofautiana. Aliyejifungua karibuni, hasa mwenye mshono, asubiri mkunga au daktari amruhusu.

Ukitaka kujua kama kinachokuzuia ni kifundo, weka kanga iliyokunjwa chini ya visigino. Ukishuka bila taabu, ndicho. Mimi nilianza na kanga iliyokunjwa ikawa nene kama kitabu. Sasa mkunjo mmoja unatosha, na mwanangu huja kuchuchumaa mbele yangu, tukatazamana uso kwa uso.