Kwa nini bahari ya Namibia hunuka mayai viza?

Wakazi wa Walvis Bay na Swakopmund, miji ya pwani ya Namibia, wanaijua harufu hiyo. Siku upepo ukivuma kutoka baharini, harufu huingia hadi ndani ya nyumba. Bahari nayo hugeuka rangi, ikawa ya kijani chenye weupe wa maziwa, na eneo lake huwa kubwa kiasi cha kuonekana kwenye picha za setilaiti. Samaki hufa. Hakuna kiwanda kilichomwaga sumu: ni kazi ya bakteria, na chanzo chake ni upepo.

Pwani ile upepo wa kusini huvuma sambamba na ufuko. Kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu husukumwa kushoto mwa upepo, yaani magharibi, yakaiacha pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi. (Pepo zetu za kusi hufanya hivyo hivyo zikifika Somalia na Oman, ila huko maji huenda kulia, maana ni kaskazini mwa ikweta.) Maji hayo hupanda na nitrati, ile ile ambayo mkulima huinunua kwenye mfuko wa mbolea. Vijimea vya baharini huzaliana kwa fujo, samaki hushiba, na ndiyo maana nchi ya jangwa kama Namibia ina uvuvi mkubwa.

Lakini si vyote vinavyoliwa. Vijimea vingi hufa na kuzama, na bakteria wanaoozesha mabaki hayo hutumia oksijeni mpaka ikaisha.

Hapo ndipo mambo yanaponoga. Oksijeni ikiisha, wapo bakteria wanaopumua kwa nitrati, wakaivunja hadi kuwa gesi ya nitrojeni. Gesi hiyo ni asilimia 78 ya hewa, lakini viumbe vingi haviwezi kuitumia. Kundi jingine huunganisha amonia na nitriti (nduguye nitrati mwenye oksijeni pungufu), likatoa gesi hiyo hiyo. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba katika maji ya Namibia kundi hili ndilo linaloongoza kwa kupoteza nitrojeni. Kwa hiyo upepo unaleta mbolea, na wingi wa chakula unaozaliwa nayo ndio unaowapa nafasi bakteria wa kuirudisha hewani. Njiani huponyoka pia gesi ya naitrasi oksidi, ambayo kwa muda wa miaka 100 huipasha dunia joto karibu mara 270 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi.

Nitrati nayo ikiisha, zamu ya kupumuliwa ni ya salfeti, yaani muungano wa salfa na oksijeni, ambayo haipungui baharini. Bakteria wa matopeni wakiitumia hutoa hidrojeni salfaidi, nayo ndiyo harufu ya mayai viza, na ni sumu.

Katika tope hilo anaishi kiumbe anayenivutia kuliko wote hawa: Thiomargarita namibiensis, aliyegunduliwa mwaka 1997 na mtafiti Heide Schulz. Ni bakteria anayeweza kufikia robo tatu ya milimita, kwa hiyo unamwona bila darubini, akiwa na wenzake wamejipanga kama shanga nyeupe. Karibu mwili wake wote ni mfuko wa nitrati, iliyokolea hadi mara 10,000 kuliko ya baharini. Hawezi kuogelea. Husubiri tope litibuliwe, hujaza nitrati, kisha akizikwa tena huitumia kuichakata ile salfaidi, ambayo kwake ndiyo riziki.

Wengine wanaofanya kazi ya namna hiyo huelea majini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulieleza eneo la takriban kilomita za mraba 7,000 pwani hiyo hiyo, ambako salfaidi ilitapakaa karibu na sakafu ya bahari, lakini bakteria waliimaliza kabla haijafika juu. Tukio la namna hiyo setilaiti inaweza isilione kabisa.