Retina si filamu ya kamera

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ni kama filamu ya kamera: seli zinazohisi mwanga zikifa, zilizobaki hukaa tu bila kubadilika. Dhana hiyo si sahihi. Retina ina takriban fimbo milioni 120, yaani seli za kuonea gizani, na koni milioni 6 hivi, zinazotambua rangi. Zote huungana na seli za kati zinazopitisha ishara kuelekea kwenye ubongo. Katika panya ambao fimbo zao hufa, seli za kati zilizokuwa zikizihudumia zimeonekana zikichipua vitawi vyembamba, mithili ya mizizi inayotafuta maji, na kuungana na koni zilizo hai. Mimi naliona hili kuwa jambo la kustaajabisha mno.

Hata hivyo, uwezo huo una kikomo. Koni nazo zikifa, mtandao huanza kujipanga ovyo, na seli zilizokufa hazioti tena. Ndiyo maana tiba ya jeni iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2017 kwa aina moja ya upofu wa kurithi hutolewa tu kwa mgonjwa ambaye retina yake bado ina seli hai za kutosha.