“Hati nimeiona, nilipe?”

Swali hili naulizwa kwa simu, kwa WhatsApp, na hata sokoni nikichagua samaki. Mtu ameonyeshwa nyumba Muyeye au Casuarina hapa Malindi, dalali anamharakisha kwamba kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho, na muuzaji ametoa hatimiliki na kumwekea mezani. Jibu langu ni lile lile: usilipe hata shilingi moja. Hiyo uliyoiona ni karatasi iliyo mkononi mwa muuzaji. Unachohitaji kukijua ni kilichoandikwa kwenye daftari la serikali, na jinsi jina lake lilivyofika humo.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa imenunua ardhi ya ufuoni Nyali, ikalipa, ikapata hati. Mahakama ikarudi nyuma mpaka kwenye ugawaji wa kwanza kabisa, ikakuta ardhi ile ilikuwa eneo la wazi la umma na iligawiwa bila kufuata utaratibu. Basi utetezi wa “mimi nilinunua kwa nia njema” haukumsaidia mnunuzi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kilikuwa kishasema kwamba hati iliyopatikana kwa ulaghai au kinyume cha utaratibu inaweza kupingwa. Tangu hukumu ile sitosheki na sachi, yaani upekuzi wa daftari la ardhi, peke yake. Naitaka historia yote: nani alipewa kwanza, kwa barua gani, ramani ya upimaji iko wapi, na kila aliyeuza aliuza vipi. Wateja wengine hukasirika kwamba nawachelewesha. Nawaelewa, lakini siachi.

Hapa kwetu kuna swali jingine ambalo mnunuzi aliyetoka bara hata hajui kuwa lipo: nyumba hiyo ina ardhi?

Alikuja bibi mmoja ofisini, mkononi mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya nyumba aliyoinunua, imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya buluu, ina alama mbili za dole gumba na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Nikaisoma mara mbili. “Nyumba ya mawe, vyumba vitano, bati, choo cha nje.” Neno kiwanja halikuwamo.

“Bibi, kuna mtu anayekuja kuchukua kodi ya ardhi?”

Akanyamaza kidogo. “Alikuja mwezi uliopita, mwanangu. Nikamfukuza, nikadhani ni tapeli.”

Hakuwa tapeli, alikuwa mtu wa mwenye shamba. Katika miji ya pwani ni jambo la kawaida mtu kumiliki kuta na paa huku chini kukiwa kwa mwingine, anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Chanzo chake ni kirefu. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda huu wadai ardhi zao rasmi. Waliodai wakapewa hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Vizazi vya waliokuwa wakiishi hapo hapo wakajikuta wapangaji au maskwota juu ya ardhi ya babu zao. Hilo ni jeraha ambalo halijapona, na mkataba wako wa nyumba unaweza kuwa umekaa juu yake.

Kununua nyumba ya aina hiyo si haramu. Watu wameishi humo na kurithishana kwa amani. Ila jua unachonunua: huna hati ya kuweka rehani benki, na huwezi kuuza udongo usio wako. Kabla ya kulipa, pata kibali cha mwenye ardhi kwa maandishi na stakabadhi za kodi za muuzaji, na uhakikishe kwamba anayejiita mwenye ardhi ndiye aliye kwenye daftari. Kwa yule bibi tulianza kinyumenyume, pesa zikiwa zimeshatoka. Tulimwandikia mwenye shamba, tukalipa malimbikizo aliyoyaacha muuzaji, na stakabadhi sasa zinaandikwa kwa jina la bibi. Malimbikizo yale hayakuwa deni lake. Bado yananiuma.

Tatizo linalofuata kwa wingi ni hati iliyo kwa jina la marehemu. Watoto wamekubaliana, picha ya familia imepigwa, wanataka kuuza. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Kwa familia za Kiislamu, wengi hupitia kwa Kadhi ili warithi na mafungu yao yajulikane. Nenda ukaulize kama yupo binti aliyeolewa mbali au mke wa pili ambaye hakutajwa. Uliza pia kama nyumba ni wakfu, maana mali ya wakfu haiuzwi. Na kama muuzaji yuko Muscat na ametuma hati ya uwakilishi, yaani ya kumruhusu mtu mwingine auze kwa niaba yake, hakikisha imesajiliwa na kwamba mwenyewe yu hai, kwani hati hiyo hufa pamoja naye. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, mume au mke aliyebaki nyumbani lazima aridhie.

Shamba la kilimo, kwa mfano pembezoni mwa Gede, lahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu kutia sahihi, la sivyo sheria inauhesabu mkataba kuwa batili. Asiye raia hapati zaidi ya umiliki wa muda, miaka isiyozidi 99, kwa Kifungu cha 65 cha Katiba. Wanaonunua majumba ya Waitaliano wasome hati vizuri: imebaki miaka mingapi?

Gharama: ushuru wa stempu unalipwa na mnunuzi, asilimia 4 mjini na 2 nje ya mji. Kwa nyumba ya shilingi milioni 6 hapa mjini hiyo ni 240,000, na mthamini wa serikali akiona thamani ni kubwa kuliko bei, utalipa zaidi. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji.

Sasa wakili. Ndugu walio Uingereza, ambako solisita wa mikataba na wakili wa mahakamani ni watu wawili, huniuliza kama watafute solisita, lakini Kenya wakili ni mmoja, hana matabaka hayo. Mtafute mwenyewe. Usimpokee kutoka kwa dalali, na usishiriki wakili na muuzaji hata kama mnaokoa pesa, kwa sababu siku mkigombana hatakuwa na upande. Angalia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya kama ana cheti cha kazi cha mwaka huu. Muulize ni nani hasa atakayefuatilia faili lako, na kama atakwenda kiwanjani na mpimaji kutazama bikoni, zile alama za mipaka. Ada iandikwe. Kuna kiwango cha chini kilichowekwa kisheria, kwa hiyo anayekutajia bei ya kutupa anavunja kanuni mbele yako.

Pesa zipitie akaunti ya wateja ya ofisi ya wakili, zisiende kwenye simu ya mtu. Kwa kawaida hutolewa asilimia 10 mkataba ukitiwa sahihi, wakili wa muuzaji anazishika bila kuziachia mpaka uhamisho ukamilike, na salio hulipwa ndani ya siku 90 au kwa ahadi ya maandishi kati ya mawakili. Ahadi hiyo inamfunga wakili yeye binafsi, na akiivunja atashtakiwa.

Kama wakili amekaa na pesa zako na hajibu simu, mwandikie barua, weka nakala, kisha ipeleke Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Nenda na stakabadhi zote, hata ile ndogo ya sachi.