Maana ya arena: uwanja wa ndani wa matumizi mengi

Neno arena limezoeleka katika habari za michezo na burudani za Afrika Mashariki, hasa tangu jengo la Kigali linaloitwa leo BK Arena lilipofunguliwa mwaka 2019, lakini wengi hulitumia kwa jengo lolote kubwa lenye paa na viti vingi. Maana yake ni finyu zaidi ya hapo. Arena ni uwanja wa ndani ambamo watazamaji huzunguka eneo la tukio pande zote au karibu zote, na ambamo sakafu hubadilishwa kufuatana na shughuli: leo mpira wa kikapu, kesho tamasha la muziki, keshokutwa mkutano. Ukumbi wa kawaida una jukwaa mbele na viti vinavyotazama upande mmoja tu, na uwanja wa mpira wa miguu, ingawa huzungukwa na mashabiki, kwa kawaida hauna paa juu ya nyasi zake. Arena imechukua mpangilio wa uwanja ikaufunika kwa paa la ukumbi.

Neno lenyewe ni la Kilatini na maana yake ya kwanza ni mchanga. Katika majengo ya maonyesho ya Warumi, sehemu ya katikati ilitandazwa mchanga ili unyonye damu ya watu na wanyama waliopambanishwa humo, na baadaye jina la mchanga likawa jina la eneo hilo, kisha la jengo zima. Mchanga haupo tena, lakini sakafu ingali ndiyo inayotofautisha arena na majengo mengine.

Ugumu wake unaonekana kwenye vipimo. Kiwanja cha mpira wa kikapu kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Cha mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9. Cha mpira wa mikono ni mita 40 kwa 20. Mbunifu akivileta viti vya chini karibu kwa ajili ya kikapu, mpira wa mikono unakosa nafasi, na akiviacha mbali kwa ajili ya mpira wa mikono, shabiki wa kikapu aliyelipia safu ya mbele anajikuta akiwatazama wachezaji kwa mbali. Ufumbuzi uliozoeleka ni safu za viti zinazosukumwa ndani, moja chini ya nyingine, kama droo za kabati. Sakafu ya mbao ya kikapu nayo mara nyingi huwa ya vipande vinavyofungana. Mafundi huvifungua kimoja kimoja, wakavipanga juu ya toroli na kuviondoa, na nguzo za vikapu, ambazo zina magurudumu, zikasukumwa zikafuata. Kazi hiyo aghalabu hufanyika usiku, na mtazamaji wa kesho yake hana habari nayo.

Juu nako kuna masharti. Mashindano makubwa ya mpira wa wavu yanataka mita 12.5 za nafasi tupu juu ya kiwanja, nguzo haiwezi kusimama katikati, na paa hilohilo linapaswa kuhimili uzito wa spika na taa za tamasha.

Arena ya Kigali, iliyoko Remera jirani na Uwanja wa Amahoro, huchukua watu 10,000 hivi. Ile ya ndani ya Kasarani, Nairobi, ambayo Wakenya wengi wanaijua pia kwa mikutano ya wajumbe wa vyama vya siasa, huchukua 5,000. Ya Kigali ilijengwa na kampuni ya Summa kutoka Uturuki kwa muda wa miezi sita tu, ikazinduliwa Agosti 2019 kwa jina la Kigali Arena. Mwaka 2021 msimu wa kwanza wa ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ulichezwa wote humo na Zamalek ya Misri ikatwaa ubingwa, na mwaka huohuo ulifika ubingwa wa Afrika wa wavu. Desemba 2023 Kendrick Lamar alitumbuiza chini ya paa hilohilo.

Jina la sasa lilianza mwaka 2022, Benki ya Kigali ilipolipia haki ya kuliita jengo kwa jina lake. Wapo wanaodhani benki ililinunua jengo. Ilichonunua ni jina, tena kwa muda wa mkataba. Biashara hii ina sababu yake: ligi ya nyumbani haiwezi kujaza viti 10,000 kila wiki, ilhali umeme, usafi na ulinzi hugharimu hata siku ambayo hakuna tukio. Matumizi mengi, kwa maoni yangu, ni suala la hesabu kabla ya kuwa suala la ubunifu.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama jengo limestahili jina la arena asiishie kuhesabu viti. Azunguke nyuma, atazame kama lori la vyombo vya tamasha linaweza kuingia na kushusha mzigo usawa wa sakafu.